Je, wajua kwa nini neno "doubt" lina b isiyotamkwa?

Vijana wanaosomea uongozaji watalii hapa Arusha hulisoma neno "doubt", yaani shaka, herufi kwa herufi, kisha huambiwa kwamba ni "daut". Wasione haya. Ile b ilipachikwa na wasomi.

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kifaransa cha zamani, wakaliandika "doute". Baadaye wasomi waliokihusudu Kilatini wakatia b ili lifanane na "dubitare", kusitasita. Neno "debt", yaani deni, nalo likapewa b vivyo hivyo. Maandishi yalibadilika, ndimi zikagoma. Mwishoni mwa karne ya 16, Shakespeare alimweka jukwaani mwalimu anayewalaumu watu kwa kutoitamka b hiyo. Hadi leo haitamkwi. "Dubitare" lenyewe lina undugu na "duo", mbili: mwenye shaka yuko kama yule fisi aliyeshindwa na njia mbili.

Kwa mwongozaji, naona maana ndiyo yenye mtego zaidi kuliko b. Mgeni wa London akiyatazama mawingu juu ya Mlima Meru akasema "I doubt it will rain", hadhani kama mvua itanyesha. Mskoti akitamka maneno hayohayo, huenda anasema kinyume kabisa: anahofia itanyesha, kwa hiyo makoti ya mvua yawe karibu. Wala hajakosea. Zamani kitenzi hiki kilimaanisha pia kuogopa, na Waskoti wameihifadhi maana hiyo. Naye mgeni kutoka India akikuambia "I have a doubt", usidhani hakuamini. Ana swali, mjibu.

"No doubt" nayo inahitaji uangalifu, kwani mara nyingi ni dhana tu, kama sisi tunavyomwambia mtu aliyetoka safari, "Bila shaka umechoka." Anayetaka kusisitiza husema "without a doubt".

Lakini mahali neno hili lilipobeba uzito mkubwa kuliko pote katika mji huu ni mahakamani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, iliendesha kesi zake hapa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kanuni yake ilikuwa kwamba mshtakiwa hatiwi hatiani mpaka kosa lithibitishwe "beyond reasonable doubt", yaani bila kuacha shaka ya msingi. Ili shaka hiyo ihesabiwe, haitoshi kusema tu kwamba lolote linawezekana. Shaka inayozungumzwa ni ile yenye msingi, inayotokana na ushahidi wenyewe au na upungufu wake. Kipimo hicho hakilegezwi hata kosa linaloshtakiwa liwe zito kiasi gani. Ndiyo maana Juni 2001 Ignace Bagilishema, aliyekuwa meya wa Mabanza nchini Rwanda, aliachiwa huru, akiwa wa kwanza kuachiwa na mahakama hiyo. Upande wa mashtaka ulikata rufaa, na Julai 2002 rufaa hiyo ikatupwa.