Pembe: ya ng'ombe, ya chumba, ya pembetatu

"Pembetatu ina pembe tatu." Sentensi hiyo haina kosa, ila nafasi ile ndogo kati ya maneno ina kazi kubwa. Pembetatu, likiandikwa pamoja, ni umbo zima. Ukiwa nayo moja unasema pembetatu hii, zikiwa mbili, pembetatu hizi mbili. Pembe tatu, yakitengana, ni hesabu tu ya ncha zake. Wengi huchanganya, hata kwenye mabango.

Lakini pembe yenyewe ni nini? Maana ya kwanza iko kichwani mwa mnyama. Neno ni la Kibantu tangu asili: Wanyarwanda husema ihembe, Waganda ejjembe, na wote wanakusudia kile kinachoota juu ya kichwa cha ng'ombe. Kwa maana hii utasikia pia "pembe la ng'ombe" na "mapembe". Kwenye hisabati hiyo ma- haitumiki. Hakuna asemaye mapembe ya mraba.

Cha kuchekesha ni kwamba pembe za ndovu si pembe. Ni meno ya taya la juu yaliyorefuka yakatoka nje. Ya kifaru nayo, tofauti na ya ng'ombe, haina mfupa ndani; ni keratini, kitu kilekile kilichofanya kucha zako. Mwanabiolojia atazitenga zote tatu. Kiswahili kiliangalia umbo, kikaziita jina moja.

Na ni umbo hilo lililolihamisha neno. Kinachochomoza na kuishia kwa ncha ni pembe, basi meza ina pembe, leso ina pembe, chumba kina pembe. Kutoka hapo tukapata pembeni, ambalo siku hizi halihitaji kona yoyote: anayeambiwa "kaa pembeni" anatakiwa apishe tu.

Walimu wa hisabati walipohitaji majina ya aina za pembe, waliyachukua kwenye kisu. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 ni pembe kali. Iliyozidi 90 lakini haijafika 180 ni pembe butu. Unaweza kulihakikisha hili kwa kidole. Chukua karatasi ya kawaida, ikunje hadi ukingo wake mfupi ulale juu ya ule mrefu. Ncha inayobaki juu ni ya nyuzi 45, na ukiibonyeza inachoma. Upande wa pili, mkunjo unapokutana na ukingo mwingine, pana pembe ya nyuzi 135. Bonyeza hapo, huhisi kitu. Chini zimebaki mbili za nyuzi 90, ambazo huitwa pembe mraba. Hilo mraba ni la Kiarabu, lina nne ndani yake, na ni ndugu wa robo na arobaini.

Sasa tuje kwa kona, neno ambalo limeinyang'anya pembe kazi nyingi. Barabara ina kona, mpira wa miguu una kona. Ukisema gari limepinduka kwenye pembe, watu watakushangaa. Tumelitoa kwenye Kiingereza, Kiingereza kikalipata kwa Wafaransa, na mwanzo wake ni Kilatini, cornu. Maana ya cornu? Pembe ya mnyama. Yaani tulikopa tulichokuwa nacho.

Na si mara moja. Honi ya gari ni Kiingereza pia, na asili yake ni pembe ya mnyama iliyopulizwa ili kutoa sauti, kazi ambayo pembe na baragumu zilikuwa zikiifanya zamani hata kwetu wasemaji wa Kiswahili. Neno hilo la Kiingereza na cornu ya Kilatini vimetoka shina moja.

Ninalolipenda zaidi ni karne. Hili ni la Kiarabu, qarn, na Waarabu hadi leo hulitumia kwa mambo mawili: miaka mia, na pembe ya mnyama. Dhulkarnaini anayetajwa katika Kurani, ukilifumua jina lake, ni "mwenye pembe mbili". Sisi tulichukua miaka tukaiacha pembe, maana ya kwetu tulikuwa nayo.