Charles Dickens, mizimu ya Cardiff na mzee wa Ukerewe: tunayoamini na yaliyo kweli

Jumamosi iliyopita kibanda umiza cha mtaani kwetu Mabatini, Mwanza, kilionyesha episodi ambayo mimi nimeitazama mara nne sasa. Ni ya tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who, iliyorushwa na BBC mwezi Aprili 2005. Msafiri wa wakati anamchukua binti aitwaye Rose na kumfikisha Cardiff, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1869. Huko wanamkuta Charles Dickens, mwandishi, amechoka na hana furaha, anasoma hadithi yake jukwaani. Ghafla bibi kizee aliyekwisha kufa anasimama katikati ya watazamaji na moshi wa buluu unamtoka mdomoni. Aliyemwigiza Dickens ni Simon Callow, na kwa hakika nilisahau kabisa kwamba namtazama mwigizaji.

Nakala yetu ilikuwa ya kutafsiriwa, DJ anaongea juu ya sauti za wahusika. Kazi ya hawa ma-DJ naiheshimu sana. Bila wao mama zangu wakubwa wasingefuatilia muvi yoyote ya kizungu. Ila safari hii maelezo yalipotea njiani, watu wakatoka kibandani na habari zisizo kweli, na ubishi ukahamia kwenye benchi la muuza kahawa hadi saa nne usiku. Pale sikupata nafasi ya kumaliza hata sentensi moja. Namalizia hapa.

Dhana: Dickens alitunga hadithi yake ya mizimu ya Krismasi kutokana na yaliyomkuta usiku ule.

Sivyo. Hadithi anayoisoma jukwaani, A Christmas Carol, ilitoka Desemba 1843. Usiku wa Cardiff ni miaka 26 baadaye. Tangu 1853 alikuwa akiisoma mbele ya watu, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza, kwa sababu alikuwa akibadilisha sauti na sura kwa kila mhusika. Ukilijua hilo, episodi inakuwa tamu zaidi: mzee aliyezoea kuwatisha wenzake kwa mizimu ya kubuni sasa anatokewa na mzimu, naye ndiye anayekataa kuamini.

Dhana: Ni kisa cha kweli, Dickens alikuwa Cardiff Krismasi ile.

Hili ndilo lililobishaniwa zaidi, na mwandishi wa episodi, Mark Gatiss, kweli aliyachanganya mambo kwa ustadi. Uchovu wa Dickens ni wa kweli. Jukwaa la Desemba 1869 si la kweli. Alianza ziara ya kuwaaga wasikilizaji wake mwaka 1868, akasafiri mji hadi mji kwa treni, mpaka Aprili 1869 mwili ukakataa na daktari wake akamsimamisha akiwa Preston. Baadaye aliruhusiwa kusoma mara 12 tu, zote London, kuanzia Januari hadi Machi 1870. Tarehe 9 Juni mwaka huohuo akafariki nyumbani kwake Kent, akiwa na miaka 58.

Tarehe hiyo ina historia yake. Tarehe 9 Juni 1865, miaka mitano kamili kabla ya kifo chake, treni aliyopanda ilianguka darajani huko Staplehurst na watu 10 wakafa. Dickens alishuka, akachota maji kwa kofia yake, akawa anawanywesha majeruhi. Kisha akapanda tena kwenye behewa lile lililokuwa linaning'inia, kuchukua mswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika. Hilo la mswada nawaomba mlishike, nitalirudia.

Dhana: Alilipwa kwa idadi ya maneno, ndiyo maana vitabu vyake ni virefu.

Hata mimi niliambiwa hivyo nilipokuwa sekondari. Alilipwa kwa toleo. Riwaya zake nyingi zilitoka kila mwezi, kijitabu cha kurasa 32, na kurasa hizo zilikuwa hazipungui wala haziongezeki.

Dhana: Muvi imefichua muuaji wa kitabu ambacho hakukimaliza.

Mwishoni Dickens anasema ataimaliza riwaya yake ya Edwin Drood kwa namna nyingine: muuaji asiwe mjomba wa kijana, bali viumbe vile vya moshi wa buluu. Jamaa mmoja kwenye kahawa alishikilia kwamba hilo limeandikwa kitabuni. Riwaya ilipangwa kuwa na matoleo 12, na alipofariki alikuwa amefikia la 6. Rafiki yake John Forster, aliyeandika maisha yake, alieleza kwamba Dickens alimwambia mapema kuwa mjomba ndiye anayemuua mpwa wake. Episodi inayajua hayo yote na inayachezea. Rose anapotaka kujua kama historia itabadilika, anaambiwa kwamba mwaka unaofuata Dickens atakufa, kwa hiyo hatapata kuyasimulia aliyoyaona. Mimi hapo machozi yalinilenga, mara zote nne.

Ila kabla ya hapo kuna swali. Dickens anamuuliza msafiri kama vitabu vyake vitadumu. Anajibiwa kuwa vitadumu milele. Uso wake unafunguka kama wa mtoto. Kibanda kizima kilinyamaza, na kile kibanda hakinyamazi hata wakati wa penalti.

Ni katika ukimya huo kijana mmoja akasema neno lililonifanya nikae kuandika haya.

Dhana: Wenzetu wana waandishi wa zamani wa kutembelewa. Huku ziwani hapakuwa na mtu.

Ndugu yangu, panda meli pale bandarini Mwanza, shuka Nansio. Kisiwa hicho cha Ukerewe ndicho alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya, Bukoba, akarudi kisiwani, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza riwaya ndefu juu ya maisha ya Wakerewe kabla ya utawala wa wageni. Myombekere na mkewe Bugonoka hawajapata mtoto, maneno ya watu yanawachoma, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumkomboa kwa pombe ya ndizi. Mle ndani kuna kulima, kuvua, kuugua, kutibiwa, kuzika. Mkesha ule wa 1869 unaouona Cardiff, wakati huohuo huku kulikuwa na watu wa namna hii wanakamua ndizi, na Kitereza ametuandikia jinsi walivyokuwa wakikamua.

Dhana: Riwaya hiyo ya Kitereza ni kitabu cha Kiswahili cha mwaka 1980.

Wanaokijua wengi wanasema hivyo, kwa sababu ndivyo jalada linavyoonyesha. Aliandika kwa Kikerewe. Hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja, hivyo mswada ukakaa miaka na miaka. Mwishowe, akiwa mzee, akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House wakakitoa 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki 1981, kabla nakala zilizochapwa hazijafika mikononi mwake.

Dickens alipanda kwenye behewa linaloning'inia kwa ajili ya mswada wake, na kila anayempenda anakisimulia kisa hicho. Huyu wetu alishikilia wake miaka 35. Na wa kumjibu swali lile, kama kitabu chake kitadumu, hakutokea. Ingekuwa mimi ndiye mwenye kile kibanda cha buluu anachosafiria yule msafiri wa wakati, ningetua Ukerewe mwaka 1980, nimkute hai, nimwambie kwamba kitafika kwa Kijerumani, kwa Kifaransa, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa kisiwa hichohicho.

Juzi jioni nilikibeba kwa jirani yetu, bibi Mkerewe ambaye macho yake hayasomi tena. Nikamsomea pale Myombekere anapokwenda ukweni. Kila nilipotamka jina alinisahihisha, polepole, akirudia mpaka nilipate. Tulipofika kwenye ndizi aliacha kuchambua dagaa, mikono ikabaki kwenye ungo. Akasema kwao ndizi zilikamuliwa kwa majani, akaonyesha kwa viganja jinsi yalivyokuwa yakifinyangwa. Nikadhani amechoka, nikafunga kitabu.

"Mjukuu wangu, mbona umefunga? Rudi pale alipobisha hodi."

Nikarudi.