Kwa nini tunampenda anayepindua meza

Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, mita za mwisho za marathoni ya ubingwa wa dunia, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele na Alphonce Simbu akimfukuzia. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, ila Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03, Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo. Hapa Arusha, anakofanyia mazoezi, hata watu wasiofuatilia riadha walikuwa wakisimuliana zile hatua za mwisho.

Kazi yangu ni saikolojia ya michezo, na nikiuliza kwa nini tunamshangilia asiyetarajiwa, wengi hujibu: huruma. Mimi sikubali. Mwaka 1991 watafiti Frazier na Snyder waliwapa wanafunzi wa Marekani mfano wa timu mbili, kubwa na ndogo, zikicheza mfululizo wa mechi saba. Zaidi ya wanane kati ya kumi waliichagua ndogo. Walipoambiwa kwamba hiyo ndogo imeshinda mechi tatu za mwanzo, karibu nusu yao wakaihama! Huruma haimwachi mtu kwa kuwa amefanikiwa. Walichokitaka ni mchezo usiojulikana mwisho wake. Ushindi usiotarajiwa hufurahisha mno, na mnyonge akifungwa huumii sana, maana ulishajiandaa.

Lipo na la pili, ambalo kwangu ndilo zito: jasho. Vandello na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba watazamaji humwona mnyonge kuwa ndiye anayejituma zaidi. Hapo namkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki, alianguka, goti likaumia, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Hakupindua meza yoyote, na bado tunamtaja kwa fahari, kwa sababu juhudi yake ilionekana waziwazi.

Lakini mapenzi haya hustawi pale tu tusipopoteza kitu. Nenda kibanda umiza chochote hapa mjini siku ya Ligi Kuu ya Uingereza: aliyeweka mkeka wa kubeti kwa timu kubwa haoni uzuri wowote timu ndogo inaposawazisha dakika ya 90. Na shabiki wa Simba hawezi kumwombea Yanga apindue meza, hata Yanga akiwa nyuma mabao matatu.