York Minster na makanisa madogo ya York: pa kutazama na cha kutafuta

Ukisimama chini ya mnara wa kati wa York Minster, kanisa kuu la mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, juu ya kichwa chako kuna tani zipatazo 16,000 za mawe. Anayetaka kuuelewa mji huu kidini aanzie hapo, na kabla hajainua shingo ajiulize kwanza: mzigo wote huu umekalia nini?

Umekalia vitu visivyolingana. Chini kabisa kuna kuta za ngome ya Warumi. Juu yake kuna msingi wa kanisa la Wanormani, wavamizi waliotoka Normandi, Ufaransa, lililojengwa na Askofu Mkuu Thomas wa Bayeux mwishoni mwa karne ya 11. Juu ya hayo ndipo lilipokaa kanisa la sasa. Warumi walipanga ngome yao kufuata mto, ilhali kanisa lazima lielekee mashariki, kwa hiyo kuta za chini zinapita mshazari chini ya zile za juu. Nguzo moja ikakanyaga ukuta mgumu wa kale, nyingine udongo mtupu. Jengo likizama sawasawa halina neno; likizama upande mmoja kuliko mwingine, hupasuka. Mnara wa kwanza ulianguka mwaka 1407. Wa pili, huu tunaouona, haukuwekewa chumba cha kengele kama ilivyokusudiwa kwa sababu msingi haukuaminika, ndiyo maana unaonekana mpana na mfupi, kama uliokatwa kichwa. Mwaka 1967 msanifu Bernard Feilden alipopima nyufa aligundua kwamba na huu uko hatarini. Kazi ya kuuokoa iliisha mwaka 1972: misingi ya nguzo ilivishwa zege nene pande zote na kufungwa kwa vyuma visivyoshika kutu, ili uzito usambae kwenye eneo kubwa zaidi la udongo.

Uchimbaji uliofanywa kwa kazi hiyo ndio uliofungua historia ya chini, ambayo leo unaweza kuitembelea kwa miguu. Katika ngome hii, mwaka 306, majeshi yalimtangaza Konstantino kuwa Kaisari. Miaka minane baadaye askofu wa York, Eborius, alihudhuria mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Arles huko Gaul, Ufaransa ya leo. Kwa hiyo Ukristo ulikuwapo hapa mapema sana, ukafifia Warumi walipoondoka, ukarudi Pasaka ya mwaka 627 wakati Edwin, mfalme wa Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini, alipobatizwa na mmisionari Paulinus ndani ya kakanisa ka mbao kaliloharakishwa kwa ajili ya siku hiyo. Wachimbaji walipata makaburi ya Wasaksoni, lakini kanisa la Edwin lenyewe halijapatikana.

Mwaka 735 York ikapata Askofu Mkuu wake, na ugomvi wa vyeo na Canterbury, makao ya Askofu Mkuu wa kusini, ukafuata kwa karne nyingi. Suluhisho lililopatikana linafaa kusomwa polepole: wa Canterbury anaitwa Mkuu wa Uingereza Yote, wa York anaitwa Mkuu wa Uingereza. Neno moja tu, na kila upande ukaridhika.

Kanisa la sasa lilianzishwa na Askofu Mkuu Walter de Gray karibu mwaka 1220 na likawekwa wakfu mwaka 1472. Miaka 250 ya ujenzi ina maana kwamba mjukuu wa mjukuu wa mwashi wa kwanza hakuona mwisho wake. Ili uone mabadiliko ya mtindo kwa mpangilio, usitembee ovyo. Kanisa lina umbo la msalaba; anza na mikono yake, wa kusini kisha wa kaskazini: madirisha ni membamba, marefu, yenye ncha, bila mapambo ya mawe ndani yake. Nenda kwenye ukumbi wa mikutano wa mapadri, wenye pande nane na usio na nguzo ya katikati. Dari yake imeshikiliwa na maungio ya mbao yaliyofichwa juu. Kisha ingia ukumbi wa waumini, ulioanzwa mwaka 1291, ambako mawe ya madirisha yanajikunja kama majani na miali ya moto. Dirisha la magharibi la mwaka 1338 lina umbo la moyo katikati. Malizia mashariki, sehemu ya kwaya, ambako mistari ya mawe imenyooka wima kutoka chini hadi juu. Ukipita kwa utaratibu huo hutahitaji maelezo ya ukutani kujua kipi kilitangulia.

Sasa tazama dari, kwa maana hapo wengi hudanganyika. Kuba za ukumbi wa waumini na za mikono si za mawe. Ni mbao zilizotengenezwa zifanane na mawe, kwa sababu upana kati ya kuta ni mkubwa na mafundi waliogopa kuba ya mawe ingezisukuma kuta nje. Uamuzi huo uliokoa kuta, ukaliacha kanisa likiwa windo la moto. Februari 1829 mtu mmoja aitwaye Jonathan Martin alijificha ndani baada ya ibada na kuichoma sehemu ya kwaya. Mwaka 1840 ajali ya fundi iliunguza dari ya ukumbi. Usiku wa Julai 9, 1984 paa la mkono wa kusini likashika moto, inaaminika kwa radi. Wazimamoto waliliangusha paa hilo makusudi kwa nguvu ya maji ili moto usivukie mnarani. Dirisha la waridi, lile la duara lililo juu ya mlango, lilipata nyufa zipatazo 40,000 katika vipande kama 7,000 vya kioo, lakini halikuanguka, kwani mikanda yake ya madini ya risasi, inayoshika vioo pamoja, ilikuwa imebadilishwa kabla ya hapo. Mafundi walivibandika vipande kwa utando wa gundi, wakavishusha, wakavibana katikati ya vioo viwili vyeupe. Mbao za paa jipya ni za mwaloni.

Jiwe lenyewe ni chokaa yenye magnesiamu, rangi ya malai, kutoka eneo la Tadcaster, lililoletwa kwa mashua mtoni. Linachongeka vizuri, lakini mvua yenye moshi wa makaa ya mawe hulila: chumvi hujengeka chini ya ngozi ya jiwe, na ngozi hiyo hubanduka kama gamba. Kosa la vizazi vilivyopita lilikuwa kuziba viungo kwa saruji. Saruji haipumui, basi maji hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe na kulivunja. Waliowahi kuona nyumba za matumbawe za Unguja au Lamu zilizopigwa plasta ya saruji wanalijua tatizo hili. Dawa ni ileile: chokaa irudi kwenye viungo, na jiwe lililokufa likatwe na kupachikwa jipya la aina hiyohiyo.

Ila kama una saa moja tu, itumie kwenye vioo vya rangi vya madirisha. Kwa maoni yangu hakuna mji Uingereza unaoifikia York kwa hili. Fundi wa zama za kati alichora picha kwa ukubwa wake kamili juu ya meza iliyopakwa chokaa, akakata vioo vya rangi kufuata mchoro, akachora nyuso na mikunjo ya nguo kwa rangi nyeusi ya unga wa madini, akavichoma tanuruni ili rangi ishike, kisha akaviunganisha kwa mikanda ya madini ya risasi. Karne ya 14 ilileta mbinu mpya: mchanganyiko wa fedha ukipakwa kwenye kioo cheupe na kuchomwa, hapo panageuka manjano. Uso mweupe na nywele za dhahabu vikawezekana katika kipande kimoja, bila mkanda kati yake. Dirisha la ngao lililotolewa na Peter de Dene, upande wa kaskazini wa ukumbi, ni mfano wa mapema sana nchini humo.

Dirisha Kuu la Mashariki lilitengenezwa na John Thornton wa Coventry kati ya mwaka 1405 na 1408 kwa mapatano ya pauni 56. Lina urefu wa mita 23 na zaidi. Juu kabisa Mungu ameshika kitabu kinachosema yeye ni Alfa na Omega. Kuanzia hapo shuka mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia: picha 27 za Agano la Kale, kuanzia uumbaji hadi kifo cha Absalomu, kisha 81 za Ufunuo wa Yohana, na mstari wa chini wa wafalme na maaskofu. Aliyepiga magoti katikati yao ni Walter Skirlaw, askofu wa Durham, mfadhili. Bila darubini ya mkononi hutaona hata nusu.

Ukiona mkanda mweusi unaokata shavu la mtakatifu mahali pasipo na sababu, jua huo si wa Thornton. Kila kioo kilipovunjika mafundi waliongeza mkanda, na baada ya karne kadhaa picha ikawa kama imefunikwa wavu. Matengenezo ya mwaka 2008 hadi 2018 yaliiondoa mingi, nyufa zikagundishwa, na kioo cha kinga kikawekwa nje kuzuia mvua na mionzi ya jua. Kinyume chake ni Dada Watano, madirisha matano ya karne ya 13 katika mkono wa kaskazini: vipande zaidi ya 100,000 vya kijivu na kijani, karibu bila picha. Tangu 1925 ni ukumbusho wa wanawake wa himaya ya Uingereza waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Vioo hivi vilipona kwa maamuzi ya watu. Mwaka 1644 jeshi la Bunge, lililokuwa vitani na mfalme, lilipouteka mji, jenerali wake Thomas Fairfax, mwana wa Yorkshire, jimbo la York, aliyalinda makanisa yasivunjwe. Katika vita vya karne ya 20 vilishushwa na kufichwa.

Toka nje sasa, kwa kuwa York ilikuwa na makanisa ya parokia yapatayo 40 na karibu nusu yake bado yamesimama. All Saints, mtaa wa North Street, ndilo la kwanza kwenda. Dirisha moja linaonyesha siku 15 za mwisho wa dunia, bahari ikipanda na watu wakijificha mapangoni. Jingine linaonyesha tajiri mwenye ndevu akilisha wenye njaa, akinywesha, akivisha na kutembelea wafungwa. Hapa picha ziko karibu na macho, na waliolipa ni wafanyabiashara wa mji. Holy Trinity ya Goodramgate ina viti vilivyozungushiwa mbao kama vyumba vidogo, vya kila familia. St Martin le Grand lililipuliwa kwa bomu Aprili 1942. Dirisha lake kubwa lilikuwa limeshushwa mapema, na nusu ya kanisa imeachwa iwe bustani.

Si yote ya kupendeza. Machi 1190 Wayahudi wapatao 150 walikufa katika mnara wa ngome, pale palipo Clifford's Tower leo, wengi kwa mikono yao wenyewe, wakiwa wamezingirwa na umati. Mwaka 1539 abasia tajiri ya St Mary's, makao ya watawa, ilifungwa kwa amri ya Mfalme Henry VIII. Magofu yake yako bustanini karibu na mto. Mwaka 1586 Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliuawa kwa kulundikiwa mizigo mizito, baada ya kukataa kujibu shtaka la kuwaficha mapadri Wakatoliki. Kwa hofu hiyo unaelewa Bar Convent, nyumba ya watawa wa Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1686: kanisa lake lina kuba nzuri iliyofichwa chini ya paa la kawaida, na milango minane ya kutorokea.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jina moja la kukumbuka. John Sentamu, Mganda aliyekuwa mwanasheria na kuikimbia nchi wakati wa Idi Amin, alikuwa Askofu Mkuu wa York kuanzia 2005 hadi 2020. Siku ya kusimikwa kwake alipiga ngoma ndani ya kanisa hili, na Januari 2015 aliongoza hapohapo ibada ya kumweka wakfu Libby Lane, askofu wa kwanza mwanamke wa Kanisa la Uingereza.

Kuhusu muda: dirisha la mashariki litazame asubuhi, la magharibi alasiri. Dada Watano wanaelekea kaskazini, jua haliwagusi, kwa hiyo siku ya mawingu meupe ndiyo yao. Watalii hulipa kiingilio, wanaokuja kusali hawalipi. Ibada ya jioni yenye kwaya iko wazi kwa yeyote, na utakaa katika ile sehemu aliyoichoma Martin.