Ati Elgon ni kamlima tu? Vile tunadanganyana kabla ya kupanda

Kila nikisema weekendi naenda Elgon, kuna mtu hapa Kondele, Kisumu, lazima anijibu, "aah omera, hako kamlima ka Kitale? Si ungeenda Mt Kenya tujue umepanda kitu." Na mimi pia nilikuwa hivyo, sitadanganya. Nimeshapanda mara tatu sasa na kila mara kuna mgeni kwa grupu anakuja na zile stori zile zile, so wacha niziweke hapa zote mara moja.

Hio ya kamlima kwanza. Elgon huonekana kadogo juu haina ncha, ni volkano ya zamani sana, zaidi ya miaka milioni 20, imelika juu ikabaki kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, ya upana wa kilomita kama 8, halafu chini imetandaza miguu mpaka upande mmoja ni Kenya mwingine Uganda. Kitu pana hivyo ukiiangalia toka Kitale unaona tu kilima kirefu kimelala. Lakini Koitobos, ile tunapanda ukiingilia geti ya Chorlim, ni mita 4,222. Kisumu hapa tuko 1,100 na kitu. Fanya hesabu. Na by the way ukipiga picha Koitobos usiandike umefika kilele cha Elgon, kilele chenyewe ni Wagagai, mita 4,321, na iko Uganda, huwezi kuvuka tu mpaka juu kwa juu kama unaenda kwa jirani kuomba chumvi, lazima upange na watu wa park za pande zote mbili.

Sasa hii ingine ndio huumiza watu: "mimi niko fiti, mlima hauwezi nishika."

Tulikuwa na jamaa mmoja, anacheza boli kila jioni, mapafu kama ya farasi. Tulitoka Kisumu mchana tukalala Kitale, asubuhi tukachukua gari ya four-by-four ikatupandisha ndani ya park mpaka pale barabara inaishia, karibu mita 3,500, na yeye badala ya kutulia akatuacha nyuma anakimbia kimbia. Usiku kichwa inamuuma, anatapika, chai hataki, na wale wazembe wawili wa grupu ambao walikuwa wanatembea kama wanaenda kanisani bila haraka wamekaa wanakula. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa mwinuko hauulizi kama unafanya jim. Juu ya mita 4,200 kila pumzi unapata kama asilimia 60 hivi ya oksijeni ungepata ukiwa Mombasa, na mwili unataka siku kadhaa kuzoea, haijalishi miguu yako ina nguvu aje. Watu fiti huumia tu vizuri juu wao ndio hupanda haraka. Ukishapita mita 3,000 jaribu usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulilala jana, na hio shida ya gari kukupandisha juu siku moja ndio sababu mimi sasa hulala usiku mzima chini kwa park kwanza, natembea tembea huko msituni kwa miti ya podo.

Na usiniambie ati kitunguu saumu ama dawa ya maumivu inazuia ugonjwa huo. Dawa ya maumivu itanyamazisha kichwa, shida ibaki. Kichwa kuuma kidogo unapumzika, hupandi zaidi. Lakini mtu akianza kuyumba kama amelewa, anaongea vitu hazieleweki, ama anahema akiwa amekaa tu, huyo anashushwa saa hio hio, hata kama ni saa nane usiku, hamngoji kupambazuke.

Baridi nayo. "Si tuko ikweta?" Ndio tuko, lakini kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, so ile jua ya Kisumu inakutoa jasho, huko juu ni kitu ingine kabisa, asubuhi tulikuta hema limeshika barafu. Msee mmoja alikuja na jinzi. Ikanyeshewa saa tisa, haikukauka mpaka tukarudi nyumbani, na nguo ya pamba ikilowa inakunyonya joto badala ya kukupa. Yeye dawa yake ilikuwa ka-brandi kwa mfuko, anasema anawasha moto ndani. Unahisi joto kweli, juu damu imekimbilia kwa ngozi, na hio ndio joto yako inatoka inaenda zake. Sweta ya sufu, jaketi ya mvua, soksi kavu za kulalia umefunga kwa karatasi ya nailoni, basi.

Maji ya mto ni safi juu yanatoka mlimani? Zii. Nyati na ndovu wako huko juu yako wanakunywa na kujisaidia. Chemsha. Kwa ile urefu maji huchemka kabla ya digrii 90, bado yanaua vijidudu, yaache tu yatokote dakika 3. Ila madondo, yaani maharagwe, usijaribu, utamaliza gesi yote na bado ni mawe. Mimi hubeba omena nimekaanga kavu, unga, na njugu.

Halafu pango la Kitum, huko huko Elgon. Hapa watu wamegawanyika, kuna wenye wanasema ukiingia tu unakufa na kuna wenye wanasema ni hadithi za wazungu. Wote hapana. Watu wawili walioingia lile pango, mmoja 1980 na mwingine 1987, walikufa na Marburg, ugonjwa wa kirusi unaofanana na Ebola, hio ni kweli, na popo wa matunda ndio wanajulikana kubeba hicho kirusi. Lakini haimaanishi kila mtu anatoka mgonjwa. Sikiza ranja, usishike popo, usishikeshike kinyesi chao, na kama una kidonda mkononi kaa nje tu, hakuna mtu atakucheka. Hata ukiwa mlangoni utaona kuta zimechanwa chanwa, hizo ni pembe za ndovu. Huingia usiku, giza totoro, wanapapasa njia na mkonga, wanakwangua mwamba wapate chumvi. Vizazi na vizazi vyao. Hio pekee inatosha kunirudisha.

Ya mwisho ni "tukishafika juu kazi imeisha." Kushuka ndio kulinimaliza mara ya kwanza. Viatu vilikuwa saizi yangu kamili, vidole vikagonga mbele masaa manne, magoti yanatetemeka kama ya mtoto anajifunza kutembea. Nilifika steji ya Kitale kucha mbili zimekuwa nyeusi, na makanga akaniuliza kama nimetoka hospitali.