Mpaka wa Watu na Mpaka wa Mali: Kuvuka Nchi za Ulaya kwa Ndege Binafsi

Abiria wa ndege kubwa anayetoka London kwenda Paris hukuta sehemu kubwa ya shughuli za mpaka imeshaandaliwa na shirika lililomuuzia tiketi. Rubani aliyekodi ndege ya viti vinne siku ya Jumamosi hana shirika la kumsaidia. Kazi hiyo yote ni yake. Ninafundisha urubani wa ndege ndogo kusini mwa Uingereza, na makosa ya safari za nje ninayokutana nayo zaidi hutokea chini, mezani, pale mwanafunzi anapodhani kwamba mpaka ni mmoja. Ipo mipaka miwili: wa watu, unaosimamiwa na uhamiaji, na wa mali, unaosimamiwa na forodha.

Uswisi na Ireland zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Uswisi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, lakini haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya, kwa hiyo anayetoka Ufaransa kwenda Geneva kwa kawaida hapitii ukaguzi wa pasipoti, ilhali forodha inabaki palepale. Ireland ni kinyume chake: imo katika umoja wa forodha, lakini haimo Schengen, na pasipoti hukaguliwa. Uingereza haikuwahi kuingia Schengen, na tangu tarehe 1 Januari 2021 haimo katika utaratibu wa forodha wa Umoja wa Ulaya pia, hivyo rubani anayevuka bahari kwenda Ufaransa hukutana na mipaka yote miwili kwa safari moja.

Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga wa kiraia, kinairuhusu kila nchi kuitaka ndege inayoingia itue kwenye uwanja uliotengwa kwa ukaguzi. Ndiyo maana wengi wetu hutua kwanza Le Touquet, kwenye pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, baada ya kutoa taarifa mapema. Muda wa taarifa hutofautiana kati ya uwanja na uwanja, nami humtaka mwanafunzi ausome upya kila safari, hata kama alikuwa huko mwezi uliopita. Mpango wa safari ya anga nao ni wa lazima. Kwa upande wa Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, taarifa iitwayo GAR (General Aviation Report), inayoeleza safari na watu waliomo ndegeni, hutumwa kwa mtandao wakati wa kwenda na wa kurudi, si mapema kuliko saa 48 wala si chini ya saa 2 kabla ya kuondoka. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi pauni 10,000.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kutoka. Mwanafunzi wangu mmoja aliingia Ufaransa kwa utaratibu kamili, akaruka hadi kiwanja cha nyasi mbali na pwani, akalala huko siku mbili, kisha akanipigia simu akisema anarudi moja kwa moja. Nilimsihi apitie kwanza uwanja wenye uhamiaji, kwa sababu mgeni asiyeandikiwa kutoka huonekana kwenye kumbukumbu kana kwamba bado yumo ndani, na siku 90 anazoruhusiwa kukaa Schengen katika kila siku 180 zinaendelea kuhesabiwa. Alikubali, ingawa ilimgharimu saa nzima ya mafuta.

Ninawaomba pia marubani wawaulize abiria wao maswali bila kuona haya. Rafiki anayeishi Uingereza kihalali kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen hata kama mnakwenda kula chakula cha mchana tu, na ikiwa viza hiyo ni ya kuingia mara moja, mlo huo mmoja unaimaliza. Viza ya Uingereza haimfikishi Ufaransa. Swali hilo liulizwe siku safari inapopangwa, wakati bado kuna nafasi ya kuomba viza au kuchagua uwanja mwingine ndani ya Uingereza.