Kubabatizwa si kucheza

Jumamosi jioni, Majengo, kwenye benchi la muuza kahawa. Kashata iko mkononi, sijasema neno. Kijana mmoja anaonyesha kipande cha mechi kwenye simu, vichwa sita vimeinamia kioo. Straika ameotea, kawapita mabeki mita nzima. Pasi inapigwa, beki anatupa mguu, mpira unamgonga ugokoni, unamkuta straika, wavuni. Kibendera juu, goli linakataliwa. Hapo bwana mmoja anayeuza spea za bodaboda, mtu mwenye busara katika mambo mengine yote, akatoa hukumu: "Kagusa beki! Beki akishagusa, kuotea kumekufa. Hapo refa kala hela." Wote wakakubali. Muuza kahawa naye akakubali, na yeye mpira wala haangalii.

Nina miaka 11 nashika kibendera mkoani hapa Dodoma. Ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabonanza, viwanja ambavyo mbuzi akipita pembeni ya uwanja anapishwa na winga. Hiyo "kagusa beki" nimepigiwa kelele nayo Bahi, nimepigiwa Chamwino, nimepigiwa Mpwapwa, na mwaka juzi nimepigiwa sebuleni na mwanangu mwenyewe. Imetosha.

Ya rejareja tuyamalize haraka. Kona, mpira wa kurushwa na goli kiki: ukiupokea mpira moja kwa moja kutoka hapo, hakuna kuotea. Ukiwa nusu yenu, hakuna. Mkono hauhesabiwi, wa straika wala wa kipa. Mpaka wa mkono ni usawa wa chini ya kwapa. Kuwa sambamba si kuotea tangu 1990, kwa hiyo wewe unayesema "alikuwa sawa naye, ilibidi apigiwe" umechelewa miaka zaidi ya 30. Mnayemwita "beki wa mwisho" ni mtu wa pili kutoka mwisho, na kipa naye ni mtu. Akitoka langoni, anza kuhesabu upya. Na lile goli la Aziz Ki wa Yanga kule Pretoria, Aprili 2024, ambalo lazima mtu alilete hata tukiwa tunajadili bei ya mchele, halihusiani na kuotea kabisa. Lile lilikuwa suala la mpira kuvuka mstari wa goli au kutovuka. Hiyo ni Sheria ya 10, sisi tuko ya 11.

Sasa tuje kwa beki.

Kazi yangu ni kupiga picha. Kila mchezaji wa timu inayoshambulia anapogusa mpira, kichwani mwangu inapigwa picha: nani yuko wapi sasa hivi, kwenye mguso huu. Straika akiwa nyuma ya mabeki kwenye picha ile, yuko kwenye nafasi ya kuotea. Hiyo peke yake si kosa, anaweza kusimama hapo hata akapiga stori na kipa. Kosa linakuja akishiriki: akiucheza mpira, akimzuia mpinzani asiuone au asiufikie, au akifaidi mpira uliorudi. Picha hiyo naibeba mpaka mwenzake aguse tena, hapo napiga nyingine.

Swali la kijiwe ni hili: je, beki akigusa katikati, picha inachanwa? Jibu ni kwamba inachanwa pale tu beki *alipoucheza* mpira kwa makusudi. Ukimbabatiza, picha inabaki ilivyo. Kiswahili kimetusaidia sana hapa, sijui kwa nini hatukitumii wenyewe. Mtangazaji akisema "mpira umembabatiza beki," hakuna mtu hata mmoja anayedhani beki alifanya kitu. Alifanyiwa. Halafu tukifika kwenye kuotea, neno hilo tunalitupa, tunaanza "kagusa, kagusa". Hata nguzo ya goli huguswa na mpira.

Mtu wa spea akaniuliza, na ni swali zuri: "Sasa refa wetu, makusudi ya mtu utayajuaje? Uko moyoni mwake?" Siko. Sheria yenyewe haiulizi moyo. Inauliza kama beki aliumudu mpira, yaani alikuwa na uwezo wa kuchagua: kupasia, kuutuliza, au kuubutua. Na dalili tumepewa. Mpira umetoka mbali na beki anauona vizuri, au umepigwa kutoka hatua mbili? Unakuja taratibu, au ni mchomo? Umekuja alikoutarajia, au umebadilika njiani? Alipata muda wa kujipanga, au alijirusha tu, mguu ukafika kabla ya akili? Unatambaa chini, au uko hewani? Wa chini ni rahisi kuucheza kuliko wa juu, kila aliyewahi kuwa beki analijua hilo.

Na hapa ndipo wale wanaojua nusu wananichosha kuliko wasiojua kabisa. Wanasema: "Lakini beki aliukosea, ukaenda vibaya, kwa hiyo hakuucheza." Hapana! Kuucheza vibaya ni kuucheza. Beki ametulia, ana nafasi, anataka kuubutua, anaukata, unamwangukia straika: amejitakia, picha imechanwa, goli halali. Mashabiki wa Liverpool wanaikumbuka ya Februari 2018 dhidi ya Tottenham. Beki wao Lovren alitaka kuuondosha, akaukosea, Kane wa Tottenham aliyekuwa ameotea akaupata, akaangushwa na kipa, penalti ikatolewa. Watu walilia, na Kane akaikosa penalti yenyewe. Uamuzi ule ulisimama juu ya hoja hiyohiyo: alikusudia kuupiga, matokeo mabaya ni yake.

Nina shuku kwamba sentensi ya kijiweni ilipata nguvu usiku mmoja tu, tarehe 10 Oktoba 2021, Milan, fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Ufaransa na Hispania. Theo Hernández anapenyeza pasi, Mbappé ameotea, García wa Hispania anajinyoosha kuukata, anaugusa kidogo, mpira unaendelea kwa Mbappé. Goli likakubaliwa, Ufaransa wakashinda 2-1. Kwa tafsiri ya siku zile, kule kujinyoosha kuufuata mpira kulihesabiwa ni kuucheza. Mabanda umiza yote yakalala na somo moja: kagusa beki, kwisha habari. Sasa, mwaka 2022 wenye sheria wakatoa ufafanuzi, ndizo dalili nilizozieleza hapo juu, na kwa ufafanuzi huo goli la namna ile lina hali mbaya sana. Beki aliyejinyoosha mpaka mwisho wa mguu wake hana anachochagua. Lakini ufafanuzi haukupita Majengo. Goli ndilo lililopita.

Halafu kuna kuokoa, na hapa ndipo watu hunirushia chupa. Mchomo unakwenda wavuni, beki kwenye mstari wa goli anauzuia kwa paja, kwa makusudi kabisa, ameuona tangu unapigwa. Unarudi kwa straika aliyekuwa ameotea, anafunga. Nanyanyua. "Si umesema makusudi?" Nimesema. Ila kuzuia mpira unaoingia golini, au unaopita karibu kabisa na goli, kumewekwa kando: hakuchani picha, awe kipa amepangua au beki ameokoa. Fikiri kidogo utaona sababu. Vinginevyo ningepanga mastraika wawili walale pembeni ya nguzo, mwingine apige, wao wasubiri kipa ateme.

Kuhusu kibendera kuchelewa: ndiyo, kinachelewa. Nikinyanyua pasi inapotoka tu, halafu beki akautuliza kifuani kwa raha zake na kumpasia straika kwa ujinga, nimeua goli halali. Kwa hiyo nasubiri. Sekunde mbili hizo mnazosema nilikuwa nasubiri ishara ya aliyenihonga, nilikuwa nasubiri beki amalize.

Haya, sasa yasiyosemwa kwenye semina.

Dalili zile zimeandikwa kama vile uwanja wote unaonekana. Mimi niko kwenye mstari, sambamba na yule mtu wa pili kutoka mwisho. Nafasi hiyo ni nzuri kwa kupima nani yuko mbele ya nani, lakini ni mbaya kwa kuona mpira umeguswa na nini, maana miili inazibana. Anayeona mguso vizuri ni mwamuzi wa kati. Wenye ligi kubwa wana vifaa vya masikioni, wanaulizana. Huku kwetu tuna macho. Namwangalia, ananiangalia, ananipa kichwa kidogo, na hicho kichwa kidogo mara nyingine alikuwa anafukuza nzi.

Na upepo. Sheria inauliza kama mpira ulibadilika bila kutarajiwa. Njooni Dodoma mwezi wa nane. Mpira mrefu unaopigwa kuelekea upepo unakwenda, unasimama, unafikiri, unashuka nyuma ya pale ulipoahidi kushuka. Beki aliyezaliwa hapa, je, hakutarajia? Mgeni kutoka Tanga, yeye alitarajia? Nimemuuliza mkufunzi mmoja, akacheka akaniambia endelea na mada.

Kuna lingine linalonikwaza zaidi. Beki anaruka kupiga kichwa kwa sababu nyuma yake kuna straika. Asingekuwepo straika, angeuacha upite kwa kipa. Akiupiga kwa kujimudu, ukaenda vibaya kwa yule straika, kuotea kumekwisha. Straika hakumgusa, hakumzuia, alisimama tu, na kusimama si kosa. Naitekeleza. Sijawahi kuipenda, na nikiwa nyumbani namtetea beki.

Mwaka jana, mechi ya mchujo, kiwanja cha vumbi, chokaa ya mstari imeshaliwa na upepo tangu kipindi cha kwanza. Kiungo wao anapiga mpira mrefu. Straika ameotea, hatua moja na nusu, hiyo naapa. Beki wa kati anarudi kinyumenyume, anaruka, mpira unapita kwenye nywele zake, nywele kabisa, naona unajigeuza kidogo tu. Unamwangukia straika. Goli. Namwangalia mwamuzi wa kati, naye ananiangalia. Beki alikuwa na muda? Alikuwa nao. Aliuona? Ulitoka mbali, angani kweupe. Alijimudu? Alikuwa anarudi nyuma, mwili umelala. Sikunyanyua. Goli likasimama, timu yake ikatolewa kwa goli hilo moja, tukaondoka uwanjani ndani ya gari la mwenyekiti vioo vimepandishwa. Usiku nilibadilisha uamuzi wangu mara tatu kabla ya kulala, na asubuhi nikaubadilisha tena.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na yule beki Sabasaba, anasubiri daladala, ana mfuko wa zabibu. Akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," nikaitikia, nikaona leo ndiyo leo. Nikamwuliza: "Kijana wangu, ule mpira uliucheza, au ulikubabatiza?"

Akafikiri, akanipa zabibu, akasema: "Mzee, mimi nilifumba macho."